Hali ya Ndoa

Barua ilifika Jumanne, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Marekani Cornelius Khaemba hakuweza kuifungua mwenyewe. Aliibana katikati ya magoti, akaivuta kwa mkono wa kushoto, kisha akainama kujaribu kuichana kwa meno. Risper, mkewe, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Alimtazama akihangaika mpaka bahasha ikaanguka sakafuni.

"Lete nikufungulie, Baba Awinja."

"Wacha. Awinja atafungua akikuja Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali. Si wewe mwenyewe husemanga hawa watu hawangojangi mtu?"

Cornelius aliitazama bahasha pale sakafuni. Kiharusi kilichompata Januari kilikuwa kimeuchukua mkono wa kulia na nusu ya mguu, kikamwachia ulimi mzito, lakini akili kilimwachia yote. Alijua barua ile ni ya nini. Kila mwaka ofisi ya malipo kule alikofanya kazi miaka kumi na minane ilitaka kujua kama bado yuko hai, anaishi wapi, na kama kuna chochote kilichobadilika. Mwanzoni yalikuwa malipo ya ulemavu, tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia mizigo akaumia uti wa mgongo. Alipofika umri wa kustaafu yakageuka ya uzeeni. Jina la malipo lilibadilika, fomu ikabaki ileile. Isiporudi katika siku sitini, pesa zinasimama, na siku hizo huanza kuhesabiwa bahasha ikiwa bado iko ng'ambo.

Pesa hizo ndizo zilizonunua dawa za presha. Ndizo zilizomlipa Jepkorir, daktari wa mazoezi aliyetoka mjini Kakamega mara mbili kwa wiki kuja kumnyoosha mkono. Miwa ilikuwepo nyuma ya nyumba, lakini kama miwa yote ya Kabras, ililipa siku iliyotaka yenyewe.

"Haya, fungua," alisema mwishowe. "Andika jina na sanduku la posta tu. Zile zingine ziache."

"Kwani ni mtihani?"

"Na namba yangu utaitoa kwa ile ya mwaka jana. Faili iko chini ya kitanda."

Risper alipangusa mikono kwenye leso, akaenda kuleta faili. Alikuwa amefundisha chekechea ya kanisa kwa miaka ishirini na miwili, na Kiingereza cha fomu hakikumtisha. Lakini faili ile hakuwahi kuishika. Kila mwaka Cornelius alijaza fomu chumbani, mlango umefungwa, akatoka bahasha ikiwa imeshabandikwa gundi. Risper alidhani ndivyo mambo ya serikali za watu yalivyoheshimiwa.

Aliandika jina. Aliandika sanduku la posta. Alinakili namba, tarakimu moja baada ya nyingine, akitamka kwa sauti ya chini. Alipoinua macho, dawa ya mchana ilikuwa imeshamlaza Cornelius kwenye kiti, kidevu kifuani. Mwalimu hawezi kuona nafasi tupu akaiacha. Aliendelea.

Swali la tano lilikuwa hali ya ndoa. Risper alisogeza fomu ya mwaka uliopita karibu ili aone mumewe alivyolijibu. Alama ya wino wa buluu ilikuwa imekaa katikati ya kisanduku cha kwanza, imechorwa vizuri, haikugusa mistari. Hajaoa.

Alidhani amekosea kusoma. Alitoa ya mwaka juzi. Hajaoa. Akatoa ya kabla ya hiyo, na ya kabla yake, mpaka zote tano zikawa mezani. Chini ya swali hilo palikuwa na lingine, fupi: watoto. Hapo Cornelius alikuwa ameandika sifuri.

Risper aliinuka, akaenda jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria ambayo haikuhitaji maji. Alirudi, akakaa, akamgusa mumewe goti.

"Baba Awinja. Hapa umeandika huna bibi."

Cornelius alifungua macho. Alizitazama karatasi tano, akatazama ukutani ambako picha ya harusi yao ya kanisani ilikuwa imening'inia, akarudisha macho kwenye karatasi.

"Nilikwambia uandike jina tu."

"Nimeandika jina. Sasa nauliza hii."

"Ni mambo ya zamani." Maneno yalimtoka moja moja. "Yule wakala wa viza wa Nairobi ndiye alijaza. Alisema nikiweka bibi na mtoto wataitisha karatasi zenyu, na pesa ya karatasi hatukuwa nayo. Nikafika kule, kila ofisi ikauliza tena. Nikaandika vile ya kwanza ilisema."

"Na hii ya mwaka jana pia ni ya wakala?"

Cornelius aliirudia ile picha ya ukutani kwa macho.

"Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili ulikuja hapa ukanivalisha pete mbele ya kanisa lote. Ukabeba picha ukapeleka kule."

"Nilionyesha marafiki."

"Kwa hivyo marafiki walijua."

"Walijua."

"Ni serikali tu haikujua."

"Ningebadilisha wangeuliza mbona nilidanganya, Mama Awinja. Hawa watu wanaweza kukata yote."

Risper alizipanga zile fomu kwa miaka yake, akazirudisha kwenye faili. Maharagwe yalipoiva alisonga obusuma, akamlisha mumewe tonge kwa tonge kama siku zote, akimpangusa upande wa mdomo usiohisi.

*

Nehemiah, mdogo wake Cornelius, aliishi ng'ambo ya kijito, na alifika kesho yake alasiri baada ya kuitwa. Fomu ilisema kwamba mtu asiyeweza kutia sahihi aweke alama ya kidole gumba mbele ya mashahidi wawili, na kila shahidi aandike uhusiano wake na mwenye malipo. Cornelius alimweleza jambo lote akitazama chini. Nehemiah alisikiliza akinywa chai, kisha akamgeukia Risper kwa uso wa mtu anayetaka mambo yaishe.

"Shemeji, hii ni karatasi tu. Hata mimi kwa karatasi ya mbolea ya serikali nimeandikwa niko na ekari kumi. Uliwahi kuziona?"

"Sijaziona."

"Basi. Mzungu amezoea kuona sifuri hapo. Mpe sifuri yake, alete pesa, maisha iendelee. Mimi nitashuhudia kama ndugu, na wewe utashuhudia."

"Kama nani?"

Nehemiah alikuna shingo. "Unaweza kuandika jirani."

"Jirani."

"Ama mfanyakazi. Yule anaangalia mgonjwa. Si hata ni ukweli? Si wewe ndiye unamwangalia?"

Risper aliweka birika chini taratibu. "Nehemiah, wale ng'ombe tano ulifukuza kwa miguu mpaka kwa baba yangu Ekero, ulikuwa unampelekea jirani?"

"Shemeji, usifike huko."

"Nimeuliza tu. Ni wewe uliwapeleka. Ulilala kwetu siku mbili ukila kuku."

Nehemiah alicheka kidogo, akaacha alipoona hakuna aliyecheka naye. Cornelius alikohoa.

"Mama Awinja," alisema, "nakuomba."

Neno hilo Risper hakukumbuka kulisikia kutoka kwake, hata siku walipokuwa wanatafuta nauli ya ndege. Lilimuuma kuliko ile alama ya buluu, kwa sababu aliona kwamba mumewe aliogopa kwelikweli, na kwamba alichokiogopa ni kukosa dawa, ambayo yeye Risper ndiye aliyemtilia mdomoni asubuhi na jioni.

"Nitaenda kwa Awinja kesho," alisema. "Kwanza nijue."

*

Binti yao Awinja alikuwa karani wa shule ya sekondari mjini Kakamega. Alikuwa na miaka mitano baba yake alipoondoka, na sasa alikuwa na thelathini na mmoja. Siku nzima alishughulika na fomu za watu wengine, kwa hiyo mama yake alipoziweka zile tano mbele yake alizisoma haraka, kama mtu wa kazi. Risper alikuwa ameziba swali la watoto kwa kidole, lakini Awinja aliusogeza mkono wa mama yake pembeni, akasoma.

"Sifuri," alisema.

"Ni wakala, mwanangu."

"Lakini alikuwa analipa karo kila muhula. Mtu hana watoto, karo anatumanga ya nani?" Alijaribu kucheka, sauti ikakatika katikati.

Walingoja mpaka saa kumi jioni, kule ng'ambo kukiwa asubuhi, wakapiga namba iliyokuwa chini ya fomu. Muziki ulicheza dakika arobaini. Walimu walipita wakichukua mikoba yao, wakawasalimu, wakauliza kama kuna msiba. Mwishowe sauti ya mwanamke ilijibu, yenye adabu na haraka. Risper alisimama kuzungumza, kama vile mwanamke yule angemwona.

Alieleza kwamba mumewe ameugua, kwamba kuna kosa kwenye fomu za nyuma, kwamba angependa kujua namna ya kulirekebisha. Vibonye viliguswa upande wa pili.

"Samahani," sauti ilisema. "Kwenye rekodi zetu bwana huyu hana mke. Siruhusiwi kuzungumza nawe kuhusu mambo yake."

Awinja alichukua simu. "Mimi ni binti yake."

Vibonye tena. "Samahani. Hana watoto."

Awinja alifumba macho, akayafumbua, akauliza kwa sauti ileile aliyotumia kwa wazazi wanaobishana dirishani: kwa jumla tu, si kwa mtu yeyote, kosa kama hilo hurekebishwaje? Sauti ilisema mwenye malipo aandike barua ya maelezo na kuambatanisha nakala ya cheti cha ndoa. Malipo yangeweza kusimamishwa wakati ofisi inachunguza. Kwa muda gani, haikuweza kusema. Na mke ambaye hajawahi kuishi kule, mumewe akifariki, angepata kitu? Kwa jumla, sauti ilisema, asitegemee. Kisha ikawatakia siku njema.

Nje mlinzi alikuwa akifunga lango.

"Mama, ukiandika ukweli utapata nini?"

"Hakuna."

"Na ukiandika kama mwaka jana?"

"Dawa."

"Sasa?"

Risper alikusanya karatasi. "Yeye aliandika, sawa. Alikuwa peke yake, aliogopa, aliandika. Lakini mimi kuchukua kalamu nijiandike ati mimi si mtu wa hii nyumba, huo mkono hauendi, Awinja. Nimejaribu. Hauendi."

*

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikuwa wanne sebuleni. Nehemiah alikuwa ameazima kidau cha wino kwa naibu wa chifu. Awinja alikuwa ametoa mtandaoni nakala ya fomu tupu, kwa hiyo sasa mezani palikuwa na fomu mbili zilizojazwa kila kitu isipokuwa mahali pa kidole. Risper alimvutia mumewe meza karibu.

"Hii ni kama za nyuma. Nehemiah ameijaza. Sitaishuhudia, atatafuta mtu mwingine. Na hii nimejaza mimi, mambo yote vile yako. Ukiweka kidole hapa itabidi pia tuandike barua, na cheti cha kanisa tutume nakala yake. Pesa inaweza kusimama. Nimekwambia yote mimi nimeambiwa."

"Nikiweka kwa hii ya kwanza, utafanya nini?" Cornelius aliuliza.

"Nitafanya nini? Saa mbili ni dawa. Nitakupa dawa."

"Utaenda Ekero?"

"Kufanya nini Ekero? Wazazi walikufa. Kidole ni chako, Baba Awinja. Sikushiki."

Ilimbidi atumie kidole cha kushoto. Kiliingia kwenye kidau, kikatoka cheusi. Kilikaa hewani kwa muda mrefu kiasi kwamba Nehemiah aliinama kutaka kumsaidia, na Awinja akamshika Nehemiah mkono. Kisha Cornelius alikishusha juu ya fomu ya kwanza, ile ya Nehemiah, akakandamiza.

"Sawa," Nehemiah alisema, akashusha pumzi. "Sawa. Jumatatu nitatafuta shahidi, nipeleke posta."

Risper alileta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Alikiosha kile kidole kuanzia kwenye ukucha, akaingia kwenye mikunjo, akakisuuza, akakikausha kwa taulo. Hakukivuta wala hakukibana. Kisha alichukua fomu yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni.

Kabla ya kuondoka Awinja alikuja kukaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake.

"Baba, kule ulikokuwa, mtu akikuuliza kama uko na mtoto ulikuwa unasema nini?"

Cornelius alifikiri. "Sikuwa nasema. Nilikuwa natoa picha. Ilikuwa kwa pochi."

"Gani?"

"Ile uko na sare ya nasari. Meno mbili hakuna hapa mbele."

Awinja alitikisa kichwa mara kadhaa, akaamka, akamwambia mama yake kwamba angepiga simu akifika, akatoka upesi.

Jumapili Cornelius hakutaka kwenda kanisani. Jumatatu asubuhi, Risper alipokuwa akimvalisha shati, alisema, "Tuma mtu amwite Nehemiah kabla hajaenda posta."

"Ya nini?"

"Arudishe hiyo kitu. Na wewe toa ile ingine."

Mikono ya Risper ilisimama kwenye kifungo.

"Pesa itasimama," alisema.

"Najua."

"Na Jepkorir tutamwambia nini?"

"Tutamwambia hakuna pesa." Alimeza mate kwa taabu. "Juzi uliosha hii kidole. Uliosha vizuri sana. Ungeosha vibaya, ungenivuta, ningelala. Sasa siku mbili sijalala."

Risper alimaliza kufunga vifungo, mpaka cha juu kabisa, ambacho Cornelius hakukipenda. Kisha akakaa kitandani kando yake, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamwambia aanze kusema barua ili yeye aandike. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye, Cornelius Khaemba, alioa kimila mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na mbili, kwamba mkewe anaitwa Risper na binti yake Awinja, kwamba hakuwataja, na kwamba kosa lilikuwa lake, si lao.

Nehemiah alifika akiwa na fomu yake mkononi, akasikiliza, akaichana mbele yao. Cornelius aliweka kidole kwenye ile nyingine, na Nehemiah alipoishuhudia aliandika kwa herufi kubwa, NDUGU. Risper aliandika chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni: mke.

*

Pesa zilisimama mwezi wa Julai.

Hakuna aliyewatangazia. Awinja alitazama akaunti ya baba yake siku ambayo fedha huingia, akakuta hakuna, akatazama kesho yake, akakuta hakuna. Agosti barua ilikuja ikisema malipo yamezuiwa hadi uchunguzi ukamilike. Risper alimsomea Cornelius mara mbili, na mara ya pili Cornelius alimwambia inatosha.

Waliuza ndama jike katika soko la Malava. Mnunuzi alijua wana shida, kwa maana kila mtu alijua, akataja bei iliyomfanya Risper ageuke nyuma kuona kama anazungumza na mtu mwingine. Alimfunga ndama kamba, akaanza kurudi naye nyumbani. Barabarani aliukumbuka mkebe wa dawa jinsi ulivyokuwa ukilia uliposhikwa, vidonge vitatu au vinne tu ndani, akarudi. Mnunuzi akapunguza tena.

Mwenye duka la dawa, ambaye zamani alimwita Cornelius "Mzee wa Dola" na kumpa kiti, sasa aliandika kwenye kadi ya boksi maneno HAKUNA MKOPO, akayabandika wiki hiyohiyo mahali ambapo mtu wa kimo cha Risper angeyaona vizuri. Risper alianza kununua dawa za siku tatu tatu. Alifungua tena genge la mandazi kando ya lango la kanisa, na watoto aliowafundisha kuandika jina sasa walikuwa watu wazima wenye haraka, wakimwambia, "Mwalimu, weka ya ishirini."

Jepkorir alikuja mara mbili bila malipo. Mara ya tatu alikaa chini, akamwambia Risper kwamba nauli peke yake inamshinda, na kwamba badala yake atamfundisha. Siku nzima alimwonyesha namna ya kushika kiwiko, namna ya kufungua vidole kimoja kimoja bila kuviumiza, ni mara ngapi, ni wakati gani wa kuacha. Tangu hapo Risper ndiye aliyemnyoosha mumewe. Alikuwa mkali. Cornelius alilalamika kwamba Jepkorir alikuwa na mikono laini.

"Jepkorir alikuwa analipwa," Risper alimjibu.

Nehemiah alikuja siku za Jumatano na gorogoro mbili za mahindi, na kila mara alihakikisha anasikika.

"Huu ukweli wenu umekula ndama," alisema. "Sasa sijui utakula nini kingine. Labda mimi."

"Kaa unywe chai, shemeji."

Alikaa, akanywa.

Kulikuwa na siku ambazo Risper mwenyewe alijuta. Siku moja ya Oktoba presha ya Cornelius ilipanda akalazwa siku nne hospitalini mjini, na Risper, akiwa ameketi kwenye benchi la ushoroba akiwaza deni ambalo Awinja alikuwa amelikopa kwa watu wawili, alijiuliza ni neno gani hilo ambalo alilihitaji kiasi kile. Ni herufi tatu tu. Angeweza kuishi bila kuziandika, kama alivyokuwa ameishi bila kujua. Mumewe alipopelekwa nyumbani walimtandikia godoro karibu na dirisha, na maswali yakaisha kwa kuwa kulikuwa na kazi.

*

Simu ilikuja Novemba, alasiri, Awinja akiwa amekuja kuwaletea sukari. Afisa, mwanamume, alitaka kumsikia Cornelius mwenyewe. Alisema mazungumzo yanarekodiwa. Awinja aliweka simu kwenye spika, Risper akaishikilia karibu na mdomo wa mumewe.

Maswali yalianza na jina, tarehe ya kuzaliwa, namba. Cornelius alijibu kwa Kiingereza chake cha ghalani, polepole, afisa akamwomba arudie, akarudia. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso.

"Unaishi na nani?"

"Bibi yangu. Risper."

"Mmeoana muda gani?"

"Miaka thelathini na mitatu."

"Na mmeishi pamoja muda gani?"

Cornelius alinyamaza muda mrefu hata afisa akauliza kama bado yupo.

"Nipo. Nahesabu." Midomo ilicheza. "Kumi na mitatu. Ile mingine alikaa peke yake."

"Kwa nini hukumtaja kwenye fomu zako zozote?"

"Niliogopa," Cornelius alisema. "Halafu nikazoea."

Upande wa pili vibonye viliguswa. Afisa aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyemlazimisha kubadilisha maelezo. Cornelius alimtazama Risper, ambaye alikuwa amehamishia simu kwenye mkono wa pili.

"Hapana," alisema. "Ni mimi nilichelewa."

Afisa akasema watapata jibu kwa barua.

*

Jibu lilifika wiki moja kabla ya Krismasi. Rekodi ilikuwa imesahihishwa. Malipo yangeendelea, na ya miezi iliyozuiwa yangelipwa kwa awamu. Kulikuwa na aya ndefu ya onyo kuhusu kutoa maelezo yasiyo ya kweli, na Awinja alipoifikia alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Nehemiah alitaka asomewe tena pale penye awamu. Kisha akasema kwamba ndama wa kununua siku hizi ni bei mbaya, akaenda zake akiimba.

Jioni ya siku hiyo, kukiwa bado na mwanga, Risper alikuwa akimfungua Cornelius vidole vya mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kutii kidogo. Alikuwa amefika kwenye cha tatu mumewe aliposema:

"Mama yangu alikufa aje?"

Risper aliinua macho. "Si nilikwambia kwa simu."

"Uliniambia amekufa. Nikatuma pesa ya jeneza. Sikuuliza." Alivuta pumzi. "Sikuwahi kukuuliza."

Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Risper alikiacha kidole, lakini mkono hakuuachilia. Alivuta kigoda akakaa vizuri, akatazama miwa nyuma ya nyumba kwa muda, akitafuta aanzie wapi. Hakuna aliyewahi kumwomba habari hiyo, na hakuwa ameipanga.

"Alianza kukohoa wiki ya Pasaka," alisema. "Alikataa hospitali. Alisema tukimpeleka atakufa kwa kitanda cha watu, kwa hivyo nikalala naye kwa nyumba yake, mimi na Awinja, mwezi mzima. Usiku alikuwa anakuita. Nilikuwa naitika mimi."

Cornelius alisikiliza. Risper alimsimulia kuhusu uji aliokuwa akiukubali na ule aliokuwa akiutema, kuhusu mvua ya asubuhi aliyofariki, na vile alivyomwosha yeye mwenyewe kwa kuwa wake wa ndugu zake Cornelius walichelewa, na jinsi udongo ulivyokuwa mzito hata waliochimba kaburi wakapokezana mpaka saa nane.

"Ni nani walichimba?" Cornelius aliuliza.

Risper aliwataja mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, na mumewe akayarudia majina yao kwa ulimi wake mzito, polepole, mpaka wote saba wakaisha.